Palipokuwa na Betri

Niliitoa chini ya jengo, stoo ya makaa na makopo ya matango,
imefungwa shuka la mama lenye maua ya bluu,
nikaipandisha ghorofa nne nimeikumbatia
kama mtoto aliyesinzia harusini.
Nje, theluji ya Toruń ilikuwa ya siku tatu, imeshachafuka.

Skrubu sita. Ya tano ilikataa.
Nikaipaka mafuta ya kupikia, nikaiambia neno
ambalo mama asingelipenda.
Kifuniko kikabanduka na harufu yake, samaki wa juzi.

Pembeni ilikaa betri, pipa dogo la kidole gumba,
imetapika.
Kijani kimetambaa ubaoni, kimepita mguu kwa mguu wa chipu,
kimekula njia za shaba nyembamba kuliko unywele.
Na kazi yake ilikuwa moja tu: kukumbuka saa
mashine ikiwa imelala.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Hawakuwahi kuona betri, lakini waliijua.

Kaka yangu Ziemowit aliinunua mwaka tisini na mbili
kwa pesa za kuchuma stroberi Ujerumani.
Sikuruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa, tena kwa sabuni.
Sasa naisugua kwa mswaki na siki,
siki ile ile ya matango,
na kijani kinatoa povu, kinanung'unika.
Kisha spiriti. Kisha siku mbili za kukauka mezani,
nami nakula nimesimama.

Bwana Ksawery wa ghorofa ya pili, fundi simu mstaafu,
alikuja na mita yake na sharti lake:
"Kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo mkono hautulii."
Tukagusa ncha huku, tukagusa ncha kule.
Njia ikiwa nzima, mita hulia: pii.
Ikiwa imekatika, kimya.
Tulihesabu kimya kumi na moja.

Kila kimya tukakitilia waya.
Lehemu huyeyuka, hung'aa kama jicho, halafu jicho hufumba.
"Usipulize," ananiambia, "iache ipoe yenyewe."
Waya wa tisa ulining'oka mara tatu.
Mara ya tatu Bwana Ksawery aliinuka
akaenda kujichemshia chai ambayo hakuinywa.

Tukawasha. Skrini ikawa kijani, kijani kitupu,
kijani cha mashine kusema kumbukumbu haifikiki.
Tukazima. Waya wa nne tuliukosea tundu.
Tukawasha. Kijivu, kijivu kilichofifia, nyeupe,
halafu mkono wa kuchorwa, umeshika diski, unaomba.

Katika diski zake zote faili moja tu ilisomeka,
orodha ya vitu alivyoazimisha watu:
Remigiusz, pampu ya baiskeli.
Shangazi Otylia, zloti elfu ishirini (asiulizwe).
Kalina, atlasi ya nyota. Hajarudisha.

Iko hapo rafuni, nyuma ya redio.
Kalina ni mimi.
Na Ziemowit yuko Chicago, ambako bado ni mchana,
na tangu mazishi ya mama tumebaki kutumiana
kadi za Krismasi zenye saini tu.

Betri nyingine sikuiweka.
Palipokuwa na betri pana doa, nimelikwangua, rangi ya chai.
Kwa hiyo kila jioni nikiiwasha haijui ni lini.
Hudhani ni tarehe mosi Januari, sabini na nane:
yeye ana miaka tisa, mimi nina mmoja na nusu
na jina lake nalitamka nusu, Ziemo, Ziemo.

Naandika tarehe ya leo, tarakimu kwa tarakimu.
Inaipokea bila swali.

Atlasi nimeipima posta. Kilo moja na robo.
Yule dada wa dirishani aliniuliza thamani yake,
nikashika kalamu, foleni ikaanza kukohoa.